KIFO CHA MWANAMFALME HAMLET: SUMU, TETESI NA MAITI AMBAYO HAIKUCHUNGUZWA

Mfululizo wetu wa vifo vya kwenye vitabu unaendelea, na leo ni zamu ya Hamlet, mwanamfalme wa Denmark. Ni ndefu, nimeigawa sehemu nane. Chukua chai yako usome taratibu. Wale wa "nesi fupisha basi" mtanisamehe, hii haifupishiki.

SEHEMU YA 1: KISA CHENYEWE

Kwa ambao hawajawahi kuisoma, Hamlet ni tamthilia ya William Shakespeare wa Uingereza, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hamlet iliandikwa karibu na mwaka 1600 na ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1603.

Kisa kiko hivi. Mfalme wa Denmark kafa ghafla. Taarifa ya ikulu inasema alikuwa amelala bustanini, nyoka akamuuma. Basi, akazikwa. Haijapita hata miezi miwili, ndugu wa marehemu, anaitwa Claudius, kashavaa taji, na kamuoa mjane, Malkia Gertrude. Gertrude ndiye mama yake Hamlet. Kijana kaja msibani, matanga hayajaanuliwa vizuri, anakuta harusi.

Usiku mmoja mzimu wa baba unamtokea Hamlet na kumwambia: mimi sikuumwa na nyoka. Ndugu yangu alinimiminia sumu sikioni nikiwa usingizini. Nilipizie kisasi.

Sasa wewe fikiria uko kwenye viatu vya huyu kijana. Mshukiwa ndiye mfalme. Marehemu kashazikwa. Shahidi pekee ni mzimu, na Hamlet mwenyewe anajiuliza kama ule ni mzimu wa baba kweli au ni shetani amekuja kumpoteza. Hana pa kwenda kushtaki na hana kipimo. Ana hisia tu.

Anachofanya ni kujifanya kichaa, huku anatafuta ushahidi. Wanapokuja wasanii ikulu anawapa mchezo unaofanana na kifo cha baba yake, halafu anakaa kumwangalia Claudius usoni. Claudius anashtuka, anasimama, anaondoka. Hicho ndicho kipimo pekee alichoweza kupata: sura ya mtu.

Kuanzia hapo watu wanaanza kuanguka. Hamlet anasikia mtu nyuma ya pazia chumbani kwa mama yake, anachoma upanga akidhani ni mfalme. Kumbe ni mzee Polonius, mshauri wa ikulu, baba wa Ophelia, msichana ambaye Hamlet alimpenda. Ophelia anarukwa na akili, anakufa maji. Rafiki wawili wa Hamlet waliotumwa kumpeleka Uingereza na barua ya kumuua, wanauawa wao, kwa sababu Hamlet aliibadilisha ile barua. Kaka yake Ophelia, Laertes, anarudi kutoka Ufaransa akiwa na hasira ya baba na dada.

SEHEMU YA 2: DAKIKA ZA MWISHO

Claudius anampata Laertes akiwa na uchungu, anamtumia. Mpango wao ni pambano la upanga la kirafiki, mbele ya watu wote. Hamlet atapewa upanga butu wa mchezo. Laertes atachukua wenye ncha kali, tena umepakwa sumu ambayo Laertes mwenyewe alinunua kwa mganga wa mitaani. Laertes anasema mkwaruzo tu unatosha, hakuna dawa ya mitishamba itakayomwokoa mtu. Claudius anaongeza la kwake: ikishindikana, kikombe cha mvinyo wenye sumu kitakuwa pembeni, Hamlet akiona kiu anakunywa.

Siku ya pambano mambo yanawaharibikia. Malkia anachukua kile kikombe anywe kumtakia mwanawe heri. Claudius anamwambia asinywe, lakini hawezi kusema kwa nini. Malkia anakunywa. Laertes anamjeruhi Hamlet. Katika purukushani panga zinabadilishana mikono, Hamlet anamjeruhi Laertes kwa upanga ule ule. Malkia anaanguka. Claudius anasema eti kazimia kwa kuona damu. Malkia anapata nguvu ya kusema ni kinywaji, kisha anakufa.

Laertes naye anajua anakufa, anafunguka kila kitu, na anamwambia Hamlet hana hata nusu saa ya kuishi. Hamlet anamchoma Claudius na kumnywesha kilichobaki kikombeni. Laertes na Hamlet wanasameheana. Laertes anakufa. Horatio, rafiki wa kweli wa Hamlet, anataka naye kunywa sumu afuatane na mwenzake. Hamlet anamzuia: wewe baki, uwaeleze watu ilivyokuwa. Halafu anakufa.

Tuhesabu. Mzee Polonius, Ophelia, wale rafiki wawili, Malkia, Claudius, Laertes, Hamlet. Watu wanane wamekufa baada ya yule mfalme wa kwanza, na wote chanzo chao ni kifo kimoja ambacho kilipewa maelezo ya "nyoka" na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza.

Shikeni hilo, nitalirudia baadaye.

SEHEMU YA 3: ZAMANI HADITHI HII HAIKUWA NA SUMU

Watu wengi hawajui kwamba Shakespeare hakubuni hadithi hii. Karibu mwaka 1200 mwandishi wa Denmark aitwaye Saxo Grammaticus aliandika historia ya Wadenmark kwa Kilatini, na ndani yake yumo kijana Amleth. Baba yake anauawa na ndugu yake, Feng, ambaye anamuoa mjane. Amleth anajifanya kichaa ili asiuawe. Kitabu cha Saxo kilichapwa Paris mwaka 1514, na mwaka 1570 Mfaransa François de Belleforest akakisimulia upya kisa hicho kwa Kifaransa.

Kwa Saxo hakuna sumu sikioni, hakuna kikombe, hakuna upanga uliopakwa kitu. Feng kaua, na watu wanajua kaua. Anajitetea tu kwamba alikuwa anamwokoa shemeji yake kutoka kwa mume mkatili. Amleth anachoma jumba, anambadilishia Feng upanga, anamuua, anakuwa mfalme. Anakuja kufa baadaye sana, vitani.

Mnaona tofauti? Hadithi ya kale ni ya kulipiza kisasi: muuaji anajulikana, shida ni kumfikia. Ya Shakespeare ni ya kutafuta kujua: hivi baba yangu aliuawa au alikufa tu? Kilichobadilisha hadithi ni sumu. Panga huacha jeraha ambalo kila mtu analiona. Sumu inaacha maiti na maswali.

SEHEMU YA 4: SUMU YA SIKIONI INAWEZEKANA?

Hapa najua ninyi wa afya mlikuwa mnanisubiri.

Mwaka 1538 huko Italia alifariki Francesco Maria della Rovere, Mtawala wa Urbino, mtu mkubwa, jemadari. Zikavuma habari kwamba kinyozi wake alimwekea sumu sikioni kwa kutumia dawa ya maji. Akatajwa pia mtu wa ukoo wa Gonzaga kuwa ndiye aliyemtuma. Mke wa marehemu naye alitoka ukoo huo huo. Sasa ule mchezo ambao Hamlet anauonesha ikulu kumtega Claudius unaitwa Kuuawa kwa Gonzago. Wataalamu wengi wanaamini Shakespeare alizipata habari za Urbino kwa njia moja au nyingine.

Sikio lenyewe likoje? Tundu la nje linaishia kwenye kiwambo, wengine wanaita ngoma ya sikio. Kikiwa kizima, kinaziba. Maji hayapiti kwenda ndani, na ngozi ya pale hainyonyi dawa nyingi. Lakini nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo, na kutoka hapo kuna mrija unaoshuka hadi nyuma ya pua na koo. Mwitaliano Bartolomeo Eustachi aliueleza mrija huo katika miaka ya 1560, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Kiwambo kikiwa kimetoboka, labda kwa usaha wa utotoni, matone ya sikioni yanaweza kufika kooni. Wagonjwa wenye tundu hutwambia: nesi, mbona dawa ya sikio naisikia chungu mdomoni? Ndiyo njia yenyewe hiyo.

Kwa hiyo jibu langu: kwa mtu mwenye kiwambo kizima, ni vigumu sana kumuua hivyo. Kwa mwenye tundu na sumu kali mno, huwezi kusema haiwezekani kabisa. Lakini angalieni: watu wa 1538 waliamini bila kuangalia sikio la marehemu. Walimuona mtu mkubwa kafa, wakajua ana maadui, hesabu ikakamilika.

SEHEMU YA 5: SUMU YA UPANGA, NA MSWAKI WA KIRK

Upanga wenye sumu ni habari nyingine. Hiyo ipo, na sisi Afrika Mashariki tunaijua kuliko Waingereza.

Shakespeare hakuitaja sumu ya Laertes kwa jina. Ulaya kuna mmea wa maua ya buluu uitwao akonaiti, ambao watu wa zamani waliupaka kwenye mishale. Huvuruga mapigo ya moyo huku akili ya mtu ikibaki na fahamu karibu mpaka mwisho. Hamlet naye anaongea, anapanga mambo, anasamehe, hadi pumzi ya mwisho. Sisemi ndiyo hiyo, nasema tu dalili zinaweza kuelekea huko.

Kwetu sumu ya mishale ni ya miti mingine. Waata wa upande wa Tsavo nchini Kenya, ambao majirani waliwaita Waliangulu, walikuwa mabingwa wa kuwinda tembo kwa upinde na mshale uliopakwa sumu iliyochemshwa kutoka mti wa jamii ya Acokanthera. Tembo mzima, kwa mshale! Sumu inaingia kwenye damu, inaenda kwenye moyo, moyo unapoteza mpangilio.

Kusini zaidi, bonde la mto Shire, wawindaji walitumia mmea mwingine ulioitwa kombe. Mwaka 1858 hadi 1863 daktari John Kirk alikuwa na Livingstone kwenye safari ya Zambezi. Alibeba sampuli ya kombe mahali pamoja na mswaki wake. Siku moja akapiga mswaki, akasikia uchungu mdomoni, na alipojipima mapigo akakuta yameshuka. Yule yule Kirk ndiye baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, wakati wa Sultani Barghash na mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa. Huko Edinburgh, Thomas Fraser akauchunguza mmea huo na kutoa ndani yake dawa ya moyo.

Ndiyo, dawa ya moyo. Sumu hizi za mishale ni ndugu wa digoksini ambayo tunawapa wagonjwa wa moyo wodini, ile ambayo tunahesabu mapigo kwanza kabla hatujampa mtu kidonge. Kipimo kidogo kinasaidia, kikizidi kidogo tu kinaua.

Jambo moja zaidi. Sumu ya Acokanthera ikiingia kwenye damu ni hatari kubwa, lakini tumboni hainyonywi vizuri, ndiyo maana wawindaji walikula nyama ya mnyama huyo. Kwa hiyo sumu nzuri ya upanga si lazima iwe sumu nzuri ya kikombe. Claudius alihitaji sumu mbili za tabia mbili, na ikulu nzima hakukuwa na mtu wa kuzitofautisha.

SEHEMU YA 6: WATAZAMAJI WA LONDON WALIOGOPA NINI

Waliokaa kuangalia Hamlet kwa mara ya kwanza hawakuiona sumu kama kitu cha hadithi. Walikuwa wameshuhudia mambo.

Mwaka 1594 daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, alinyongwa hadharani London kwa kosa la kupanga kumpa malkia sumu. Wanahistoria wengi leo wana mashaka makubwa kama alikuwa na hatia hiyo. Mwaka 1598 akauawa Edward Squire, aliyewahi kufanya kazi kwenye mazizi ya farasi ya ikulu, kwa tuhuma ya kupaka sumu kwenye tandiko la farasi wa malkia. Malkia alilipanda tandiko, hakupata hata kipele. Squire aliuawa hata hivyo.

Niwaulize wenzangu. Siku hizo ungethibitishaje kwamba kwenye tandiko kuna sumu? Au kwamba hakuna? Hakukuwa na maabara. Kulikuwa na mateso ili mtu akiri, na kulikuwa na sura ya mtu na jina la ukoo wake. Mgeni, Myahudi, mtu mwenye uadui wa kidini: hao ndio walionuka sumu kwanza.

SEHEMU YA 7: MWANAMFALME WA KWELI

Sasa tutoke kitabuni. Miaka michache baada ya Hamlet kuchapwa, Uingereza ilimpoteza mwanamfalme wake mwenyewe.

Aliitwa Henry Frederick, mtoto wa kwanza wa Mfalme James wa Kwanza. Mama yake, Malkia Anne, alikuwa binti wa mfalme wa Denmark, na baba yake huyo Anne ndiye aliyejenga ngome ya Kronborg pale Helsingør, mji ambao Shakespeare aliuweka Hamlet wake. Ni sadfa, lakini inatetemesha kidogo.

Henry alikuwa na miaka 18, kijana wa mazoezi, kipenzi cha watu. Oktoba 1612 akaanza homa. Akajikaza. Tarehe 24 akacheza tenisi huku anaumwa, kesho yake kitandani. Kichwa, homa kali, kuweweseka. Madaktari wakubwa wakaitwa. Walimtoa damu, wakamnyoa nywele wakamwekea njiwa waliopasuliwa kichwani, na jogoo aliyepasuliwa miguuni. Mama yake akaomba dawa kwa Sir Walter Raleigh, aliyekuwa mfungwa kwenye Mnara wa London na mjuzi wa dawa za kuchanganya. Inasimuliwa kwamba Raleigh alisema dawa yake inatibu kila homa, isipokuwa kama mtu kapewa sumu. Tarehe 6 Novemba Henry akafa.

Mnaona mtego? Dawa inatibu yote isipokuwa sumu. Kijana kanywa na kafa. Basi ni sumu! Mama akaamini hivyo. Mjini kukavuma majina, na wapo walionong'ona hadi kumgusa mfalme mwenyewe, kwamba alimwonea wivu mwanawe.

Lakini hapa kikafanyika kitu ambacho kwa Hamlet hakikufanyika. Siku iliyofuata waliufungua mwili. Madaktari na wapasuaji wakaangalia na wakaandika: tumbo halina dosari, ini limepauka, wengu una weusi usio wa kawaida, mapafu yana weusi na madoa. Wakaweka sahihi zao.

Je, karatasi hiyo ilizima maneno? Hapana. Tetesi ziliendelea kwa miaka. Sitawadanganya kwamba uchunguzi ukifanyika kila mtu anakubali.

Ila karatasi ilibaki. Na mwaka 1882, miaka 270 baadaye, daktari wa London aitwaye Norman Moore akaisoma pamoja na kumbukumbu za ugonjwa siku kwa siku. Homa ya wiki kadhaa inayopanda, kichwa, tumbo kuvurugika, kuweweseka, wengu vile, ini vile. Akasema hii ni homa ya matumbo, taifodi. Kijana alikuwa anapenda kuogelea mtoni Thames, na maji ya London ya wakati ule mnaweza kuyafikiria wenyewe. Hakuna aliyemuua. Kaumwa ugonjwa ambao leo tunautibu kwa antibiotiki.

Na kifo hicho kilibadilisha nchi. Taji lilienda kwa mdogo wake Charles, ambaye aliishia vitani na Bunge lake na kukatwa kichwa mwaka 1649.

SEHEMU YA 8: WANAMFALME WAWILI, NA SISI

Wekeni Hamlet na Henry pamoja. Kwenye tamthilia, tetesi zilikuwa kweli: Claudius aliua, tunamsikia mwenyewe akikiri peke yake kwenye sala. Kwa Henry tetesi zilikuwa uongo. Lakini kwa ndani, kwa mfiwa, hisia ni ile ile. Malkia Anne alikuwa na uhakika kama Hamlet alivyokuwa na uhakika. Moyo wa mfiwa hauwezi kutofautisha sumu na taifodi. Haujaumbwa kwa kazi hiyo.

Kipimo cha kazi hiyo kilichelewa sana. Ilikuwa mwaka 1836 Mwingereza James Marsh alipotangaza njia ya kuonesha aseniki hata ikiwa kidogo sana mwilini. Miaka michache kabla aliitwa mahakamani kwenye kesi ya mzee aliyenyweshwa aseniki kwenye kahawa, lakini sampuli yake ikawa imeharibika mpaka inafika mbele ya wazee wa baraza. Mjukuu aliyeshtakiwa akaachiwa, na baadaye akakiri. Marsh akarudi maabara na hasira zake, akatengeneza kipimo kinachobaki. Angalieni basi: maabara ina kazi mbili. Kumfunga Claudius wa kweli, na kumwachia Lopez asiye na hatia.

Sisi leo tunayo hiyo. Tuna madaktari wa kuchunguza maiti, na sampuli za sumu zinapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini wodini tunasikia nini? Mtu wa miaka 40 kaletwa amezimia, presha haijawahi kupimwa, kafa kabla ya asubuhi. Nje ya mlango mashangazi wameshakaa: "Jana alikula kwa nani?" "Mke ndiye aliyempakulia." Mama kajifungua vizuri, siku ya tano bonge la damu limekwenda kwenye mapafu, kafa akiwa anaongea. "Karogwa na mke mwenza." Kijana utumbo umetoboka kwa taifodi, ugonjwa ule ule wa Henry, na jirani anahama mtaa usiku akiogopa kuchomewa nyumba.

Daktari akisema tufanye uchunguzi wa maiti, familia inasema mwacheni apumzike, msimkatekate. Naheshimu. Najua dini zetu zinataka mtu asitiriwe na azikwe mapema, na uchunguzi hufanywa kwa heshima, mwili unashonwa na kurudishwa. Lakini nisichokielewa ni hii: familia inayokataa uchunguzi kwa kusema "kazi ya Mungu haina makosa" ndiyo hiyo hiyo ikitoka makaburini inamfukuza mjane kwa kosa la sumu. Chagueni moja. Kama ni kazi ya Mungu, mwacheni mjane na watoto wake. Kama mna shaka, semeni shaka hiyo kwa daktari na polisi kabla ya kuzika, ichunguzwe. Shaka isiyochunguzwa na isiyoachwa ndiyo inayoua, na ilishaua wanane pale Denmark ya kwenye kitabu.

Na sisi wauguzi tuna sehemu yetu. Tusimalize kwa "tumejitahidi, pole." Tukae na ndugu, tuwaambie kwa Kiswahili cha nyumbani: ndugu yenu alikuwa na kitu gani, kilifanyaje kazi, kwa nini kilikwenda haraka, na nini hatujakijua bado. Tuwaambie wana haki ya kuuliza. Tuandike faili vizuri, saa, mapigo, presha, homa, dalili. Walioandika habari za Henry walikuwa wanaweka njiwa kichwani kwa mgonjwa, hawakujua wanatibu nini. Lakini waliandika walichokiona kwa uaminifu, na maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kuwasafisha waliotajwa majina.

Ukienda msibani wiki hii ukasikia "alikula kwa nani", usichangie. Uliza kwa upole: hospitali walisemaje? Kama hakuna anayejua, mshauri mtu mmoja wa familia aende akaulize aeleweshwe, kabla mjane hajafungiwa nje.

Maswali yenu wekeni hapo chini, ya sikio nitayajibu kesho nikitoka zamu. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaangalia Ophelia na vifo vya maji. Usiku mwema.